Mizizi Iliyotafutwa Mbali: Uhakiki wa Mabadiliko ya Sauti ya Kundi la Sepultura

1. Utangulizi

Huenda msomaji akajiuliza taaluma ya Kiswahili ina shughuli gani na kundi la wanamuziki wa Brazili waliojipatia sifa kwa kupiga magitaa ya umeme kwa kishindo na kuimba kwa sauti ya kunguruma. Swali hilo ni la haki, nasi twapaswa kulijibu kabla ya kuendelea. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, lugha inayotaka kuwa lugha ya elimu haiwezi kukataa kuhakiki sanaa fulani kwa kuwa tu haikuzaliwa nyumbani. Istilahi za fani na maudhui tunazozitumia darasani kwa tenzi na tamthilia yafaa zijaribiwe pia mahali pagumu. Pili, katika safari ya kundi hili limo jambo linalotugusa sisi watu wa Afrika ya Kati, nalo ni hatima ya ngoma zilizovushwa bahari pamoja na watumwa, ambazo mlio wake ungali hai nchini Brazili hadi leo.

Kundi tunalolizungumzia ni Sepultura, lililoundwa mwaka 1984 katika jiji la Belo Horizonte, makao makuu ya jimbo la Minas Gerais. Waanzilishi wake ni ndugu wawili: Max Cavalera, mwimbaji na mpiga gitaa, na Igor Cavalera, mpiga ngoma. Jina la kundi ni neno la Kireno lenye maana ya kaburi. Sepultura ni miongoni mwa makundi ya mwanzo yaliyojenga mtindo wa metali kali, yaani lile tawi la muziki wa roki linalovuka mipaka ya kawaida kwa kasi, kwa uzito wa sauti na kwa ukali wa maudhui.

Maendeleo ya kundi hili husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mwana mpotevu: vijana walianza kwa kuiga Ulaya na Marekani, wakazurura ugenini, kisha mwaka 1996 wakarudi nyumbani kwa albamu iitwayo Roots, yaani Mizizi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hadithi hiyo ni nusu ya ukweli. Tutatumia kipimo kimoja tu: je, sauti iliyoalikwa ndani ya wimbo imepewa uwezo wa kuubadili muundo wa wimbo huo, au imesimamishwa mlangoni kama pambo? Kwa kipimo hicho tutaona kwamba mabadiliko ya kweli yalianza kabla ya neno mizizi kutamkwa, na kwamba hata lilipotamkwa, mzizi mmoja uliokuwa karibu sana na nyumbani haukusikilizwa.

2. Miaka ya kuiga: 1985–1987

Kazi ya kwanza ya kundi, Bestial Devastation, ilitolewa mwaka 1985 na Cogumelo, kampuni ndogo iliyokuwa pia duka la santuri mjini Belo Horizonte. Ilichukua upande mmoja tu wa santuri, na upande wa pili ukawa wa kundi jingine la mji huohuo, Overdose. Mwaka uliofuata ilitoka Morbid Visions. Katika kazi hizi mbili athari za Ulaya ni dhahiri, hasa za Venom wa Uingereza na Celtic Frost wa Uswisi. Maudhui ni ya shetani, makaburi na laana. Lugha ni Kiingereza, ambacho waandishi wenyewe walikuwa bado hawajakimudu.

Mhakiki mwenye haraka ataona hapa uigaji mtupu. Lakini tukisikiliza kwa makini, tutagundua kwamba uigaji huo umeharibika, na uharibifu wake una maana. Nyuzi za magitaa hazikulinganishwa vyema, sauti imerekodiwa kwa vyombo duni, na kasi ya ngoma inakaribia kumshinda mpigaji mwenyewe. Ugumu huo wa hali ya maisha umeingia ndani ya fani. Tukumbuke kwamba Brazili ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu 1964 hadi 1985, yaani mwaka uleule wa santuri ya kwanza. Vijana hawa hawakuwa bado na maneno ya kuielezea nchi yao, kwani maneno waliyokuwa nayo yalikuwa ya kuazima. Hata hivyo kelele yao haikuwa ya kuazima. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba tangu mwanzo palikuwa na pengo kati ya maudhui na fani: maudhui yalisema Ulaya, fani ikasema Belo Horizonte.

Mwaka 1987 Andreas Kisser aliingia mahali pa Jairo Guedz, akaleta elimu ya gitaa ambayo kundi halikuwa nayo. Albamu ya Schizophrenia ya mwaka huohuo yathibitisha jambo hilo. Ndani yake umo utungo mrefu usio na maneno, Inquisition Symphony, ambamo sehemu zinafuatana kwa mpango badala ya kurundikwa.

3. Ustadi na hatari yake: 1989–1991

Kipindi cha pili ni cha ustadi. Beneath the Remains, iliyotoka mwaka 1989 kwa kampuni ya Roadrunner, ilirekodiwa Rio de Janeiro chini ya mtayarishaji Mmarekani, Scott Burns. Arise, ya mwaka 1991, ilirekodiwa katika studio ya Morrisound mjini Tampa, jimbo la Florida, ambako makundi mengi ya metali ya kifo yalikuwa yakirekodi siku zile. Sasa magitaa yanakata kama msumeno ulionolewa, ngoma haziyumbi, na sauti ya Max inaeleweka bila kupoteza ukali wake. Maudhui nayo yameacha shetani na kushika vita, wazimu wa dunia na dhamiri ya mtu binafsi.

Albamu hizi mbili zilistahili sifa zilizopewa. Hata hivyo yafaa tuseme wazi kwamba katika ustadi huo palikuwa na hatari. Pengo tulilolitaja hapo juu lilizibwa, ila kwa upande mmoja tu: fani iliinuliwa hadi kufikia kipimo cha Florida, na kwa kufika huko ikapoteza sehemu ya lafudhi yake. Msikilizaji asiyejua majina ya wanamuziki asingeweza kutambua kwa urahisi kama kundi hili linatoka Brazili au Marekani. Ni mtihani uleule unaomkabili mwandishi wa Kiafrika anayeandika kwa lugha ya kigeni: akiimudu vizuri mno, asomaye husifu lugha na kumsahau mwandishi.

4. Ngoma yatangulia: 1993

Mabadiliko makubwa yalikuja na Chaos A.D., mwaka 1993. Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaoweka mpaka mwaka 1996. Albamu hii ilirekodiwa katika studio ya Rockfield nchini Wales, chini ya mtayarishaji Andy Wallace. Kwa mtazamo wa mahali, basi, kundi lilikuwa limekwenda mbali zaidi na nyumbani. Lakini kwa mtazamo wa muundo wa nyimbo, lilikuwa limeanza kurudi.

Tuchukue wimbo wa Refuse/Resist. Unafunguliwa kwa mapigo ya moyo wa mtoto aliyekuwa bado tumboni, mwana wa Max, kisha ngoma za Igor zinaingia kabla ya gitaa lolote. Kasi imepungua, na Igor amehama kutoka kwenye matoazi na pigo la moja kwa moja kwenda kwenye ngoma zenyewe, akizipiga kwa zamu kana kwamba ni wapigaji kadhaa wanaojibizana. Vivyo hivyo katika Territory, ngoma ndiyo inayotoa kauli ya kwanza, na gitaa linaitikia. Katika kazi za awali gitaa lilikuwa likiongoza na ngoma ikilisukuma kutoka nyuma. Uongozi umegeuzwa. Huku ndiko kubadilika kwa muundo: ngoma imekuwa mzungumzaji mwenyewe.

Maudhui yalifuata njia hiyohiyo. Wimbo wa Manifest unahusu mauaji ya gereza la Carandiru mjini São Paulo, ambako tarehe 2 Oktoba 1992 wafungwa 111 waliuawa polisi walipoingia kuzima ghasia. Utungo wa Kaiowas, uliopigwa kwa magitaa yasiyo ya umeme pamoja na ngoma ndani ya magofu ya ngome ya Chepstow, ni wa kuwakumbuka Wakaiowá, wenyeji wa Brazili walionyang'anywa ardhi yao. Hata hivyo, kwa kipimo chetu, utungo huu una kasoro: Wakaiowá wanatajwa, lakini hawamo. Heshima inatolewa kwa watu ambao sauti yao haisikiki, katika ngome ya watawala wa kale wa nchi nyingine. Kundi lenyewe ni kama lilihisi kasoro hiyo, kwa maana hatua iliyofuata ilikuwa kwenda kwa wenyewe.

5. Mizizi yatangazwa: 1996

Mwishoni mwa mwaka 1995 wanamuziki hawa walisafiri hadi kijiji cha Pimentel Barbosa, jimbo la Mato Grosso, wakakaa siku chache kwa Waxavante na kurekodi pamoja nao. Sehemu kubwa ya albamu ya Roots ilirekodiwa katika studio ya Indigo Ranch huko Malibu, California, na mtayarishaji wake alikuwa Ross Robinson. Albamu ilitoka mwezi Februari 1996.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba uzito wa magitaa katika albamu hii, ambayo nyuzi zake zimelegezwa mno, hautokani na Brazili. Unatokana kwa sehemu kubwa na California, hasa na kundi la Korn, ambalo albamu yake ya kwanza ya mwaka 1994 ilitayarishwa na Robinson huyohuyo. Albamu iliyojitangaza kuwa ya mizizi ilikuwa, katika gitaa lake, yenye deni jipya kabisa kwa wageni. Hatulisemi hili kwa kubeza. Msanii huazima, na kuazima si aibu. Tunalisema kwa sababu linavunja ile hadithi ya mwana mpotevu: Sepultura hawakuacha kuazima walipokwenda kwa Waxavante, bali waliazima pande mbili kwa wakati mmoja.

Jambo la pili ni kwamba sauti za wenyeji hazikupewa nafasi sawa katika kila wimbo. Katika Attitude tunasikia berimbau mwanzoni, ule upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu, ambao asili yake ni pinde za muziki za Afrika ya Kati, hasa za Angola. Punde gitaa la umeme linaingia, na kutoka hapo wimbo unakwenda njia ambayo ungeliweza kwenda hata bila upinde. Berimbau imefungua mlango na kubaki nje.

Katika Itsári mambo ni kinyume. Waxavante ndio wanaoimba, kwa pamoja, kwa pumzi yao na kwa kasi yao. Wageni, kwa magitaa yasiyo ya umeme na ngoma, wanafuata. Hakuna anayenguruma. Kundi lililojulikana duniani kwa makelele linanyamaza ili mwenyeji aseme, na katika kunyamaza huko linafikia ukali ambao kasi ya mwaka 1989 haikuufikia. Baadhi ya wapenzi wa metali kali hudai kwamba wimbo wa namna hii haustahili kuhesabiwa katika mtindo wao. Sisi twaona kwamba ukali wa sanaa haupimwi kwa kasi peke yake. Hupimwa kwa umbali ambao msanii yuko tayari kwenda kutoka katika mazoea yake na ya wasikilizaji wake.

Wimbo wa tatu ni Ratamahatta, ulioimbwa na Max pamoja na Carlinhos Brown, mpiga ngoma na mtunzi kutoka Salvador, Bahia. Hapa ngoma zinatawala tangu mwanzo hadi mwisho, na Kiingereza kimeondoka karibu chote. Mahali pake pameshikwa na Kireno cha mitaani pamoja na maneno ambayo mwanafunzi wa Kiswahili atayatambua mara moja kuwa ni tanakalisauti: yanaiga mlio kabla ya kutoa maana. Hata jina la wimbo lina mlio wa ngoma kuliko maana ya kamusi. Kwa maoni yetu, hapa ndipo pengo la mwaka 1985 lilipozibwa kwa pande zote mbili, kwa kuwa fani na maudhui vinasema lugha moja.

6. Mzizi usiosikika

Ndani ya Ratamahatta linatajwa jina la Zumbi, kiongozi wa Palmares, dola ya watumwa waliotoroka, aliyeuawa mwaka 1695. Makao ya aina ya Palmares huitwa kwa Kireno cha Brazili quilombo, neno lililotoka katika Kimbundu cha Angola, kilombo. Msomaji wa lugha za Kibantu haihitaji tafsiri ili kuona ngeli ya ki- ikimtazama usoni. Basi hata pale ambapo kundi halikukusudia, Afrika ya Kati imezungumza.

Lakini hapa ndipo tunapopaswa kuuliza swali gumu zaidi. Sepultura walisafiri Mato Grosso kuwatafuta Waxavante, na wakamwalika Carlinhos Brown kutoka Bahia. Je, nyumbani kwao Minas Gerais hapakuwa na kitu? Jimbo hilo lilijengwa kwa dhahabu ya karne ya 18, iliyochimbwa na watumwa wa Kiafrika, na wengi wao walikuwa Wabantu. Tangu karne hiyo vyama vya kidini vya watu weusi, vilivyo chini ya Bikira Maria wa Rozari, vimekuwa vikiwatawaza wafalme na malkia wa Kongo. Sherehe hizo huitwa congado, nazo hufanyika hadi leo. Katika mji wa Contagem, unaopakana na Belo Horizonte, jamii ya Arturos inajulikana sana kwa kuzitunza. Kuna vikundi viitwavyo Kongo na vingine viitwavyo Msumbiji. Hawa wa pili hufunga njuga miguuni na kutembea kwa hatua nzito, ngoma zikiongoza msafara.

Ngoma hizo hatuzisikii katika Roots. Kundi lililotangaza mizizi lilipita kando ya mfalme wa Kongo aliyekuwa akitawazwa jirani na mji wake. Hatudai kwamba lilifanya hivyo kwa dharau. Mara nyingi kilicho karibu huonekana cha kawaida mno, na kilicho mbali huonekana cha asili. Mtu wa mjini akitafuta asili huitafuta msituni, asiitafute kwa jirani anayetoka kanisani na ngoma begani. Huo ndio udhaifu wa dhana yenyewe ya mizizi inapotumiwa kama bendera: humfanya mtafutaji aangalie mbali.

Sisi wa nchi hii tunao uzoefu wa jambo hilo. Kuanzia mwaka 1971 tuliishi chini ya siasa ya uhalisi, ambayo ilibadili jina la nchi, la mto na ya watu, na kuwavika wanaume abakosti. Tulijifunza kwamba mizizi yaweza kutangazwa kwa amri ikabaki kuwa vazi, na kwamba wakati huohuo vijijini na mitaani watu waliendelea kuimba na kusimulia bila kuuliza kama walichokifanya kilikuwa halisi. Ndiyo maana hatuwezi kuipokea albamu ya mizizi kwa shangwe tu. Hapana budi tuulize kila wimbo: nani anaongoza, na nani amesimama mlangoni?

7. Baada ya Mizizi

Mwezi Desemba 1996, baada ya onyesho la London, Max Cavalera alijitenga na kundi. Yeye alianzisha Soulfly, na nafasi yake ikachukuliwa na Derrick Green, Mmarekani mweusi kutoka Cleveland. Albamu ya Against ya mwaka 1998 iliwashirikisha wapiga ngoma wa Kodo kutoka Japani. Ushirika huo una uzuri wake, ila unaonyesha pia jinsi ugunduzi ulivyoanza kuwa kanuni: albamu mpya, ngoma za watu wengine. Baadaye kundi lilitafuta muundo katika fasihi, kama katika Dante XXI ya mwaka 2006, iliyojengwa juu ya utenzi mkuu wa Dante. Mwaka huohuo Igor naye aliondoka. Desemba 2023 Sepultura walitangaza safari ya kuaga, iliyoanza mwaka 2024 kwa kuadhimisha miaka 40. Wakati huohuo ndugu wa Cavalera walikuwa wakirekodi upya kazi zao za ujana. Morbid Visions ilirudi mwaka 2023 ikiwa na nyuzi zilizolinganishwa vyema. Kwa maoni yetu, katika usahihi huo mpya kimepotea kile kilichokuwa cha Belo Horizonte katika kazi ya mwanzo.

8. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mabadiliko ya sauti ya Sepultura hayakuwa kurudi nyumbani kutoka ugenini. Nyumbani palikuwamo katika fani tangu santuri ya kwanza. Pakafifia wakati wa ustadi. Pakarudishwa na ngoma mwaka 1993. Na mwaka 1996 pakapewa jina, huku pakisikika wazi katika nyimbo chache tu na kugeuzwa pambo katika nyingine. Nyimbo zilizo bora ni zile ambamo mgeni alimpa mwenyeji kigoda, akakaa chini yeye mwenyewe.

Kwa wanafunzi wetu tunapendekeza kazi mbili. Ya kwanza ni kukitumia kipimo hiki kwa sanaa za hapa, maana hata muziki wetu na tamthilia zetu hupenda kuweka ngoma ya kijijini mwanzoni na kuisahau kabla ya wimbo au onyesho kufika katikati. Ya pili ni kuyakusanya na kuyachunguza maneno ya Kibantu yanayoimbwa katika congado ya Minas Gerais. Waimbaji wa Belo Horizonte hawakumsikiliza mfalme wa Kongo. Itakuwa ajabu ikiwa sisi, ambao lugha zetu ni ndugu wa lugha yake, hatutamsikiliza.